Kipimo cha damu cha kufuatilia saratani ya tumbo: kinachosema na kisichosema

SARATANI ya tumbo inapothibitishwa, swali la kwanza la mgonjwa na jamaa zake huwa ni iwapo atapona. Swali la pili, ambalo hudumu kwa miezi mingi, ni iwapo dawa anazopewa zinafanya kazi.

Kwa muda mrefu jibu la swali hilo la pili limekuwa likitafutwa kwa picha za CT, ambazo hupigwa baada ya miezi miwili au mitatu ya matibabu, na kwa kamera nyembamba inayoteremshwa kooni ili kuchungulia tumbo. Kwa mkazi wa Likoni, Kisauni au Changamwe, kila mojawapo ya hatua hizo ni safari, foleni na gharama.

Ndiyo maana habari kwamba kijiko kimoja na nusu cha damu kinaweza kutoa jibu baada ya wiki chache huleta matumaini makubwa. Ndiyo maana pia habari hizo zinafaa kupimwa kwa makini kabla familia haijauza kiwanja.

Kipimo kinachozungumziwa hapa ni kile cha kuhesabu seli za saratani zinazozunguka katika damu. Msomaji aelewe mapema kwamba hakikubuniwa kumwambia mtu mwenye maumivu ya tumbo kama ana saratani au la. Ni kipimo cha kumfuatilia mtu ambaye tayari amethibitishwa kuwa nayo. Tofauti hiyo ndiyo inayopotea mara nyingi habari zinapopita kutoka mdomo hadi mdomo, na aghalabu ndiyo inayowatia watu hasara.

Neno tumbo lenyewe pia linahitaji kufafanuliwa. Katika mazungumzo ya kawaida sisi huita tumbo sehemu yote iliyo chini ya mbavu, ikiwemo matumbo, ini na hata kizazi. Katika makala haya tumbo ni ule mfuko unaopokea chakula kutoka kwenye umio na kukisaga kabla hakijaingia katika utumbo mwembamba.

Kwa mujibu wa takwimu za shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, za mwaka 2022, saratani ya mfuko huo iliwapata watu karibu 969,000 duniani na kuwaua takriban 660,000. Nchini Kenya, saratani za aina zote mwaka huo zilikadiriwa kuwa zaidi ya visa vipya 44,000 na vifo zaidi ya 29,000.

Wazo la kutafuta saratani ndani ya damu si geni. Mwaka 1869 daktari Thomas Ashworth wa Australia alichunguza kwa darubini damu ya mtu aliyekuwa amefariki kutokana na saratani iliyosambaa, akaona seli zilizofanana na zile za uvimbe wenyewe. Miaka 20 baadaye, daktari Stephen Paget wa London alieleza kwamba seli hizo ni kama mbegu: hubebwa kila upande, lakini huota tu pale zinapopata udongo unaozifaa. Mkulima yeyote angemwelewa.

Kilichokosekana kwa zaidi ya karne moja ni njia ya kuzipata. Katika mililita 7.5 za damu, kiasi kinachotumika kwa kipimo hiki, mna seli nyekundu zaidi ya bilioni 30 na seli nyeupe makumi ya mamilioni. Seli za saratani, hata kwa mgonjwa ambaye ugonjwa wake umesambaa, huenda zikawa tatu, kumi au zisiwepo kabisa. Anayechambua mchele kwenye ungo huwa na kazi rahisi zaidi, kwani yeye huona chuya na mawe kwa macho yake.

Mtambo uliofungua njia ni ule uitwao CellSearch. Unatumia chembe ndogo sana za chuma zilizopakwa kingamwili inayonata kwenye protini iitwayo EpCAM, ambayo hupatikana juu ya seli za ngozi ya ndani ya viungo kama tumbo, utumbo na matiti, lakini haipatikani kwa kawaida juu ya seli za damu. Sumaku huzivuta chembe hizo pamoja na seli zilizonaswa, na damu iliyosalia humwagwa.

Zilizobaki hupakwa rangi zinazong'aa. Seli huhesabiwa kuwa ya saratani ikiwa ina kiini, ikiwa ina protini ya saitokeratini, na ikiwa haina alama ya CD45 ambayo ni kitambulisho cha seli nyeupe. Mtaalamu huketi mbele ya picha na kukubali au kukataa seli moja baada ya nyingine. Kwa hiyo hata kwenye mtambo huu wa kisasa, neno la mwisho bado ni la jicho la binadamu.

Mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, iliuidhinisha mtambo huo mwaka 2004 kwa wagonjwa wa saratani ya matiti iliyosambaa, kisha kwa saratani ya utumbo mpana na ya tezi dume katika miaka iliyofuata. Kwa saratani ya matiti na tezi dume, seli tano au zaidi huhesabiwa kuwa ishara mbaya. Kwa utumbo mpana, tatu.

Saratani ya tumbo haimo katika orodha hiyo.

Hilo halimaanishi kwamba haijafanyiwa utafiti. Uchunguzi unaotajwa sana ulifanywa na madaktari wa Tokyo, Japani, na kuchapishwa mwaka 2010. Waliwafuatilia wagonjwa wapatao 50 waliokuwa na saratani ya tumbo iliyokomaa, wakawapima damu kabla ya dawa za kemotherapi, kisha baada ya wiki mbili na baada ya wiki nne.

Waliobaki na seli nne au zaidi baada ya wiki hizo chache waliishi, kwa wastani, takriban miezi minne tu. Wale waliokuwa na chini ya nne waliishi karibu mwaka mzima. Kwa maneno mengine, damu ilikuwa imeonyesha mwelekeo kabla ya wakati ambao picha ya CT ingepigwa kwa kawaida.

Japani si mahali pa kushangaza kwa utafiti kama huo. Saratani ya tumbo imekuwa miongoni mwa saratani kubwa za nchi hiyo kwa vizazi kadhaa, na watu wake hupimwa tumbo hata kabla ya kuugua. Hapa Pwani hali ni kinyume: wengi hufika hospitalini ugonjwa ukiwa umekwisha kukomaa, baada ya miezi ya kununua dawa za kiungulia dukani.

Tuchukue mfano wa fundi wa Mikindani ambaye ameanza kemotherapi mwezi Januari. Dawa hizo zinamchosha, zinamnyima hamu ya chakula na zinamfanya akose kazi. Ikiwa hazimsaidii, kila wiki anayoendelea nazo ni mateso ya bure na fedha za bure. Kumwambia mwezi Februari badala ya Aprili kungekuwa jambo kubwa kwake. Hapo ndipo thamani ya kipimo hiki ingekuwa, na hakuna sababu ya kuibeza.

Lakini kujua mapema si sawa na kupona mapema, na jambo hili limejaribiwa waziwazi. Nchini Marekani, wagonjwa wa saratani ya matiti iliyosambaa ambao seli zao za damuni hazikupungua baada ya duru ya kwanza ya kemotherapi waligawanywa makundi mawili kwa bahati nasibu. Kundi moja liliendelea na dawa zilezile. Jingine lilibadilishiwa dawa papo hapo. Matokeo yalichapishwa mwaka 2014. Waliobadilishiwa hawakuishi muda mrefu zaidi ya wenzao.

Kipimo kilikuwa kimesema kweli: wagonjwa wenye seli nyingi walikuwa katika hali mbaya zaidi. Kilichokosekana ni dawa ya pili yenye nguvu ya kubadilisha hali hiyo. Ikiwa ndivyo ilivyokuwa kwa saratani ya matiti, ambayo ina dawa nyingi, mgonjwa wa saratani ya tumbo ana haki ya kumuuliza daktari wake swali moja kabla ya kulipa: matokeo yakiwa mabaya, utanibadilishia nini? Kama jibu ni kwamba hakuna kitakachobadilika, fedha hizo zina kazi nyingine.

Kuna sababu nyingine, ya kimaumbile, inayoifanya saratani ya tumbo iwe ngumu kufuatilia kwa damu ya mkononi. Damu inayotoka tumboni haiendi moja kwa moja moyoni. Hupitia kwanza kwenye mshipa mkubwa wa ini, na ini huichuja kama kitambaa cha kuchujia tui. Seli nyingi hunaswa humo. Zinazofika kwenye mshipa wa mkono ni masalio, na hata hizo hazikai katika damu kwa zaidi ya saa chache.

Fauka ya hayo, saratani hii ina njia ya kusambaa isiyohitaji damu hata kidogo. Uvimbe ukipenya ukuta wa tumbo, seli zake hudondoka ndani ya uwazi wa fumbatio na kuota juu ya utando unaofunika matumbo. Maji hujaa, tumbo huvimba, na mgonjwa hushindwa kwenda haja. Mtu wa namna hiyo anaweza kupimwa damu na kuambiwa kwamba seli ni sifuri, ilhali ugonjwa umeenea kote. Hata picha ya CT hukosa kuuona wakati mwingine, na ndiyo maana madaktari wa upasuaji huingiza kamera kupitia tundu dogo karibu na kitovu kabla ya kuamua kumpasua mgonjwa.

Vilevile zipo saratani za tumbo ambazo seli zake hazishikamani bali hutawanyika mojamoja ukutani. Seli zinapojibadilisha ili ziweze kusafiri, hupoteza baadhi ya protini zake za awali, ikiwemo hiyo EpCAM ambayo mtambo hutegemea. Ni sawa na mtu anayevua sare akapita langoni bila kutambuliwa. Watafiti wamebuni mitambo mingine inayochuja seli kwa ukubwa wake badala ya alama zake, lakini kila mtambo una hesabu yake. Seli nne za mtambo mmoja si seli nne za mwingine, na karatasi za maabara mbili tofauti hazifai kulinganishwa.

Hata katika maabara moja, idadi ndogo hudanganya. Aliyekuwa na seli mbili mwezi jana na tatu mwezi huu huenda hajabadilika kwa vyovyote. Ni kama kuteka ndoo mbili za maji ya bahari pale Shelly Beach na kukuta dagaa wawili katika moja na watatu katika nyingine. Kinachofaa kuangaliwa ni mwelekeo wa vipimo kadhaa, na kushuka au kupanda kwa kiasi kikubwa.

Kwa sababu hizi, hadi sasa kuhesabu seli damuni hakujawa sehemu ya utaratibu wa kawaida wa kutibu saratani ya tumbo, hata katika nchi tajiri. Si miongoni mwa vipimo ambavyo mgonjwa wa Port Reitz au wa Mrima, Likoni, atakuta katika hospitali ya umma iliyo karibu naye. Wakazi wa Mombasa wanaokutana nacho aghalabu ni wale wanaokwenda India kutibiwa, au wanaoelezwa na jamaa walio ng'ambo.

Hapa ndipo suala la fedha linapoingia. Bima ya SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, ina fungu la saratani, lakini fungu hilo lina kikomo kwa kila familia kwa mwaka. Kila shilingi inayotolewa mfukoni kwa kipimo kisicho cha lazima ni shilingi iliyotolewa kwenye nauli, chakula cha mgonjwa au dawa ambayo bima haikumaliza kulipa.

Vipo vipimo ambavyo havifai kurukwa kwa ajili ya kingine chochote. Cha kwanza ni kamera ya tumbo pamoja na vipande vya nyama vinavyochukuliwa kwa kamera hiyo na kupelekwa maabara. Bila vipande hivyo hakuna anayeweza kusema kwa yakini kwamba uvimbe ni saratani, wala ni saratani ya aina gani. Mombasa kamera hii hupatikana kisiwani, kwa umma na kwa watu binafsi. Mgonjwa hufunga usiku, hupewa dawa ya kulegeza, na shughuli yenyewe huchukua dakika chache tu. Hofu ya kumeza bomba, ambayo huwafanya wengi wa rika la wazazi wetu kukataa, ni kubwa kuliko bomba lenyewe.

Cha pili ni picha ya CT ya kifua na fumbatio. Cha tatu, kwa wenye ugonjwa uliosambaa, ni kupima vipande vile vile vya nyama kama vina protini ya HER2 kwa wingi. Takriban mgonjwa mmoja kati ya watano huwa nayo, na tangu mwaka 2010 imejulikana kwamba watu hao huishi muda mrefu zaidi wakiongezewa dawa ya trastuzumab kwenye kemotherapi. Hiki ni kipimo ambacho jibu lake hubadilisha matibabu, na bado kuna wagonjwa wanaoanza kemotherapi bila kukifanyiwa.

Kwa bahati nzuri, hapa seli za damuni zinaweza kuja kuwa na manufaa ambayo hesabu tupu haina. Uvimbe wa tumbo hubadilika kadiri unavyotibiwa, na kipande cha nyama kilichokatwa mwaka jana huenda hakiwakilishi ugonjwa wa leo. Seli iliyonaswa kwenye damu inaweza kupimwa HER2 bila kumteremshia mgonjwa kamera tena. Watafiti wanalifanyia kazi jambo hilo. Wengine wameacha kutafuta seli nzima na sasa wanatafuta vipande vya DNA ya saratani vinavyoelea kwenye majimaji ya damu, ambavyo ni rahisi zaidi kuvihifadhi na kuvisafirisha. Huenda njia hiyo ya pili ikawahi kufika kwetu kuliko ya kwanza.

Ipo pia njia ya zamani na ya bei nafuu. Kipimo cha CEA, protini iliyogunduliwa mwaka 1965 na watafiti wa Montreal, Kanada, pamoja na kile cha CA 19-9, hufanywa katika maabara nyingi za Mombasa. Si wagonjwa wote wa saratani ya tumbo ambao viwango vyao hupanda, na mvutaji sigara asiye na saratani anaweza kuwa na CEA ya juu. Hata hivyo, kwa mgonjwa ambaye kiwango chake kilikuwa juu tangu mwanzo, kukipima mara kwa mara humpa daktari dokezo la mwelekeo. Uzito wa mwili nao ni kipimo. Mizani ya zahanati ya mtaani na daftari la shule, tarehe upande mmoja na kilo upande wa pili, humwambia daktari mengi ambayo mgonjwa husahau kuyataja.

Kwa mgonjwa wa upande wa bara, hesabu ya safari nayo haifai kupuuzwa. Kemotherapi hutolewa katika Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Coast General iliyo kisiwani. Wa Likoni huvuka kwa feri, ambayo kwa wapita njia ni bure, kisha akapanda matatu. Wa Kisauni hupita daraja la Nyali, na wa Changamwe hupita Makupa. Anayehitaji huduma zisizopatikana Pwani hujikuta kwenye treni kutoka Miritini kwenda Nairobi. Damu inayoweza kutolewa karibu na nyumbani ingempunguzia mtu safari, na hiyo ni hoja ya kweli ya kutaka vipimo hivi viendelezwe, mradi visichukue nafasi ya vile ambavyo haviwezi kubadilishwa.

Kwa wale ambao, baada ya kushauriana na daktari wao, wameamua kufanya kipimo hiki, yapo mambo machache ya kuzingatia. Damu ya kwanza itolewe kabla ya kemotherapi kuanza, kwani bila hesabu ya mwanzo hakuna cha kulinganisha nacho. Damu za baadaye zitolewe kabla ya dawa za duru inayofuata, na zipelekwe katika maabara ile ile na kupimwa kwa mtambo ule ule.

Chupa inayotumika kwa mtambo wa CellSearch ina dawa maalumu ya kuhifadhi seli, na damu hukaa humo hadi saa 96 katika joto la nyuzi 15 hadi 30. Haifai kuwekwa kwenye jokofu wala kwenye barafu, kosa ambalo ni rahisi kulifanya kwa nia njema. Mombasa mwezi Februari na Machi joto la mchana hupita nyuzi 30, na ndani ya gari lililoegeshwa juani kwenye foleni ya feri huwa ni zaidi sana. Chupa ikae kivulini, kwenye kisanduku kisichopitisha joto, na damu itolewe mapema katika wiki, Jumatatu au Jumanne, ili saa hizo 96 zisiishie kwenye ghala la mizigo la uwanja wa ndege siku ya Jumapili.